Betri kubwa imejaa, gari limekufa: yaliyonikuta foleni ya Likoni

Juzi usiku, saa nne kasoro, nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Nakuru. Gari lake la umeme, Nissan Leaf kama langu, limegoma hata kufunguka. Alilichomeka kwenye chaja tangu magharibi akidhani limeishiwa moto, na hakuna taa iliyowaka. Mara ya mwisho kuliegesha lilikuwa na asilimia 68. "Nimeambiwa betri imekufa na mpya ni laki nne na zaidi. Nimelia," aliandika.

Nilikuwa nimeshalala. Niliinuka nikawasha taa, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na nilivyolia siku ile najua mwenyewe.

Mimi huoka keki za harusi hapa Kisauni, Mombasa. Gari hili nimelinunua kwa pesa za keki, shilingi juu ya shilingi, likiwa limetoka Japani na kushushwa Kilindini. Najua wengi mnaonisoma mko njia moja na mimi: mnataka kuachana na foleni za petroli, mtie umeme nyumbani usiku, faida ibaki mfukoni. Kwa hiyo nisikilizeni.

Ilikuwa Jumamosi ya Disemba, msimu wa harusi, jua la utosini. Nyuma nina keki ya ghorofa nne ya Ukunda, pakiti za barafu kila upande. Foleni ya feri Likoni imefika mbali na haisogei. Nikaingiwa na hofu kwamba kilomita zilizobaki kwenye chaji zitaisha, nikazima gari. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuwashia bila kukanyaga breki, redio ikawaka, nikakaa nasikiliza kasida. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya miezi yote, kila ninapomsubiri mteja.

Baada ya nusu saa magari ya mbele yakaanza kwenda. Nikakanyaga breki, nikabonyeza. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, zikametameta, zikazima. Nikabonyeza tena, kimya. Honi zikaanza nyuma yangu.

Vijana wakaja kunisukuma, Mungu awalipe, lakini halikusukumika. Kwenye Leaf hakuna gea ya kuvuta kwa mkono ikaachia. Kufuli ya P, ya kuegeshea, huendeshwa kwa umeme, na umeme wenyewe ndio uliokosekana, kwa hiyo magurudumu ya mbele yalikuwa kama yamepigiliwa misumari. Keki ilivuka kwa tuktuk, mimi nimeikumbatia. Ghorofa ya juu ilianguka kabla hatujafika Tiwi.

Mama wa bibi harusi hakunitukana. Aliitazama keki, akanitazama mimi, akageuka akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Gari lilibebwa kwa lori hadi gereji moja. Fundi alifungua boneti, akasimama akitazama, akasema betri kubwa imekufa. Shilingi 480,000. Hakushika hata kipimo. Na shemeji yangu, mbele ya watu, akasema, "Si tulikwambia ununue Probox ya petroli?" Miaka miwili imepita, na neno hilo bado linanichoma.

Siku ya tisa nilipelekewa mzee mmoja wa rewaya, fundi wa umeme wa magari, kutoka Mwembe Tayari. Hakuuliza habari za betri kubwa. Aliniuliza, "Mwanangu, hii ndogo umeipima?" Mimi sikujua kama kuna ndogo. Akaweka kipimo: volti 9.8. Betri nzima ikipumzika husoma 12.6 hivi, na ikifika 12 tayari ina njaa. Akavuta Probox, akaunganisha waya, gari likalia "tk" chini, na kile kigari cha kijani cha kuonyesha gari liko tayari kikawaka kwenye dashibodi. Asilimia za betri kubwa zilikuwa palepale nilipoziacha. Betri ndogo mpya, aina ile ya NS60 inayouzwa kila duka la spea, ilinigharimu shilingi 11,000.

Alinieleza hivi, na nimehakikisha mwenyewe tangu siku ile. Gari likizimwa, betri kubwa, ambayo kwa Leaf ni ya volti 360 hivi, hutengwa na gari kwa swichi nzito za sumaku. Anayezivuta swichi hizo na kuziamsha kompyuta ni betri ndogo ya volti 12, ya risasi na asidi kama ya gari lolote. Ikifa hiyo, mlango haujibu rimoti, P haiachii, na hata chaja haipokelewi. Ndiyo maana dada wa Nakuru alichomeka bure.

Gari la petroli hukuonya. Asubuhi starta inazunguka kwa uvivu, unajua betri imechoka. Gari la umeme halina starta. Betri ndogo inaweza kuchakaa kimya kimya na gari likawaka kila siku, mpaka siku inayokosa nguvu ya kuvuta zile swichi. Na joto letu la pwani huzimaliza betri za risasi haraka.

Kosa langu kubwa lilikuwa ile redio. Betri ndogo huchajiwa na kubwa kupitia kifaa kinachoshusha volti, na kwenye Leaf kazi hiyo hufanyika hasa gari likiwa limewashwa kikamilifu, kigari cha kijani chenye mshale kikiwa kimewaka, au likiwa linachajiwa. Ukibonyeza bila breki, redio inakula betri ndogo peke yake. Nami nilizima nikiogopa kilomita, wakati redio na kompyuta kwa nusu saa, bila kiyoyozi, hazili hata asilimia moja ya betri kubwa! Keki yangu ilianguka kwa hofu isiyo na hesabu.

Kwa hiyo ukisubiri, subiri gari likiwa limewaka. Ukinunua Leaf iliyotumika, badilisha betri ndogo mara moja, usiulize ina miaka mingapi. Nunua kipimo cha volti, upime kila baada ya miezi miwili. Kama benki imekufungia traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo, jua inanyonya usiku na mchana, hasa gari likikaa wiki bila kutoka. Na ukisubiri, narudia, subiri gari likiwa limewaka.

Likishagoma kuwaka, ndani ya rimoti kuna ufunguo mdogo wa chuma. Fungulia mlango, vuta kamba ya boneti. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya gari la msaada. Mweusi uanzie hasi ya gari la msaada, mwisho wake uuume chuma kitupu cha gari lako, mbali na betri. Kanyaga breki, washa. Likiwaka, toa mweusi kwanza, kisha liache limewaka saa nzima. Waya za rangi ya chungwa, zile za betri kubwa, usiziguse kabisa. Wala jirani mwenye gari la petroli asikuombe umwashie kwa betri yako ndogo, starta yake inavuta mamia ya ampea. Ikibidi kubebwa, magurudumu ya mbele yasiburutwe.

Ndugu zangu, tusikubali kuambiwa "betri imekufa" na mtu ambaye hajapima. Mwambie apime mbele yako, nawe uisome namba. Hasa sisi wanawake, tunaoonekana hatujui. Mwenye gari asiyejua betri zake ni ngapi atalipa laki nne kwa shida ya elfu kumi na moja, na nusura nilipe mimi.

Dada wa Nakuru tulikaa naye kwenye simu hadi saa tano. Ufunguo wa chuma hakuwa akijua upo. Jirani yake alikuja na gari na waya, nikamwelekeza mmoja mmoja, mweusi aliuweka kwenye betri nikamwambia autoe. Saa tano na dakika kumi nikaletewa picha: kigari cha kijani, asilimia 68.

Jumamosi hii navuka tena Likoni, keki ya ghorofa tatu, Diani. Betri ndogo nimeipima leo asubuhi, 12.6.