Nimekuwa kopi, nitakuwaje mimi? Waimbaji wanauliza

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa waimbaji wa kopi. Hizi hapa tano, kila moja na jibu langu chini yake. Nami nililipa kodi ya nyumba miaka kadhaa kwa nyimbo za watu, kwa hivyo sina uso wa kumcheka mtu.

Huku Kayole naitwa Franco, kama yule nguli wa Kongo aliyeimba kwa Lingala. Baa inajaa nikipiga nyimbo zake, lakini nyimbo tano nilizotunga mwenyewe kwa Kiswahili zote zinasikika kama zake. Nifanyeje?

Hongera kwanza, maana kumwiga Franco vizuri si kazi ndogo. Ugonjwa wako naujua. Wimbo wangu wa kwanza niliupeleka kwa prodyusa mmoja wa River Road, Nairobi. Akausikiliza hadi mwisho, akasema: "Huu wake sikuwa nimewahi kuusikia." Alidhani nimemletea kopi ya wimbo uliosahaulika!

Ninavyoona, tatizo si koo lako, ni lafudhi ya melodia. Lingala ina toni, maneno yake hupanda na kushuka. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukichukua mwendo wa Lingala ukaujaza maneno ya Kiswahili, mkazo unaangukia pabaya, na watu wanamsikia Franco kabla hawajasikia unasema nini. Chukua neno "barabara". Ukikaza ile *ba* ya pili, umetaja njia ya magari. Ukikaza *ra* ya kwanza, umesema "sawasawa". Imba kwamba matatu imekwama "sawasawa" uone makanga watakavyocheka.

Weka gitaa chini. Yaseme maneno ya wimbo wako kama unayemsimulia dada yako jikoni, na ujirekodi kwa simu. Sikiliza unapovuta pumzi, unapoharakisha, unapovuta neno kwa uchungu. Melodia ianzie hapo. Katika zile nyimbo tano, mbili tatu zitakufa. Ziache.

Halafu isikilize tena bendi ya Les Wanyika. Walipojitenga mwaka 1978 na Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, walikuwa wamelelewa na mdundo uleule wa rumba. Hawakuushinda kwa kelele. Muziki wao ulitulia, na gitaa la besi likapata nafasi ya kuongea. Wewe unaweza kuondoa nini?

Nalazimisha sauti nzito ya mkwaruzo Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu sina sauti kabisa. Tangawizi itasaidia? (Rongai)

Kwenye chai ni tamu, lakini haifiki kwenye nyuzi za sauti, kwa sababu unachomeza kina njia yake. Acha mkwaruzo. Badilisha kii mpaka wimbo ukae pale unapoongelea kila siku. Mpiga gitaa ana kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa cha kubadilishia kii, mwombe. Kunywa maji tangu mchana, pasha sauti kwa kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, na usipige soga na wateja huku spika zinanguruma. Wengi humaliza sauti wakati wa mapumziko, si jukwaani. Ikikauka zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Napiga mugithi, mimi na gitaa langu tu. Naweza kurekodi nyimbo za Joseph Kamaru? Mzee ameshatuacha.

Kamaru alifariki mwaka 2018, na sheria ya Kenya hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Piga hesabu mwenyewe: mpaka mwisho wa 2068. Kuimba kilabuni ni jambo jingine, kwa kawaida leseni ya muziki hulipiwa na mwenye ukumbi. Kurekodi kunataka ruhusa ya wenye haki, na kubadilisha maneno vilevile. Ukipandisha YouTube bila ruhusa, mfumo unaweza kuutambua wimbo na pesa za matangazo zikaenda kwa mwenyewe. Na umtaje mtunzi kila mara. Hilo halina gharama.

Nivae kama mwimbaji ninayemwiga pia, kofia na miwani?

Ukilipwa kwa shoo ya kumuenzi, vaa. Siku nyingine zote, hapana.

Wimbo wangu niuingize wapi katikati ya kopi? (Umoja)

Usiutangaze. Ukisema "sasa nawaletea wa kwangu", nusu ya ukumbi inakwenda msalani. Usifungue nao usiku, wala usiuache mwisho watu wakishatafuta matatu. Uweke mara tu baada ya kopi inayowainua vitini, wenye kasi ileile, bendi isinyamaze katikati. Mmoja tu kwa usiku, miezi miwili mfululizo, uleule. Ukumbi huzoea wimbo kama unavyozoea jirani. Na siku mtu atakapokufuata kwenye kaunta kuuliza ule wa nne ulikuwa wa nani, mtajie jina lako, lile la kwenye kitambulisho.