Gawio lijinunulie hisa lenyewe: je, yawezekana hapa kwetu?

SWALI: Asalaam aleikum. Nauza vikoi na vinyago kwa watalii hapa Malindi. Nina hisa 4,000 za Safaricom. Nilianza kuzinunua mwaka 2008 zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza. Gawio, yaani faida tunayogawiwa wenye hisa, huingia M-Pesa, na siku mbili tatu baadaye silioni tena. Shemeji yangu aliye London anasema lake halimpiti mkononi, linageuka hisa moja kwa moja. Je, nami naweza kupangiwa hivyo? Na nikifanya hivyo, kodi nitaiepuka? – Msomaji, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Nianze na kodi, maana jibu lake ni fupi: huiepuki. Kwa mkaazi wa Kenya, asilimia 5 ya gawio hukatwa kabla pesa hazijakufikia, na hapo deni limekwisha. Ukilila au ukilirudisha sokoni, ni shauri lako. Hata Marekani, ambako mipango hii imeenea, gawio lililogeuzwa hisa hutozwa kodi sawasawa na lililochukuliwa taslimu.

Mpango wa shemeji yako huendeshwa na dalali wake au na msajili wa hisa wa kampuni, yule anayetunza orodha ya wenye hisa. Mwenye hisa hutia sahihi mara moja, na tangu hapo kila gawio hukusanywa pamoja na la wenzake, hisa zikanunuliwa kwa mkupuo, kila mtu akapewa fungu lake. Zipo kampuni za nje zinazouza hisa hizo kwa bei pungufu kidogo kuliko ya soko. Hapa kwetu, kwenye soko la hisa la Nairobi, desturi ni kulipwa taslimu, benki au kwa simu. Kwa hiyo mpango utakuwa wewe mwenyewe.

Tupige hesabu ya hisa zako. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, Safaricom ilitoa shilingi 1.20 kwa hisa: senti 55 gawio la awali, senti 65 la mwisho. Hisa 4,000 zinaleta 4,800. Ukitoa kodi, 4,560. Tuseme hisa moja ni shilingi 20. Ada ya dalali na tozo za soko kwa viwango vidogo ni karibu asilimia 2, basi hisa inakugharimu 20.40 na unapata hisa 223. Bei na gawio vikibaki hivyo hivyo kwa miaka kumi (havitabaki, lakini hesabu lazima ianze mahali), utafika karibu hisa 6,900, na gawio la mwaka litapita shilingi 8,200 kabla ya kodi, bila wewe kutoa hata shilingi ya mfukoni.

Jambo ambalo wengi hulielewa kinyume ni bei. Hisa hii ilipita shilingi 40 mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2024 ilikuwa chini ya 15. Waliokuwa nazo walilia. Lakini kwa mtu anayerudisha gawio, bei ya 15 ingempa hisa 298 kwa pesa zile zile. Bei ya chini ni neema kwake, ila kwa sharti moja: gawio lenyewe lisiporomoke. Nalo hushuka pia. Safaricom ilitoa 1.39 kwa mwaka wa fedha wa 2022, ikarudi 1.20 mwaka uliofuata.

Sasa nije kwenye biashara yako, maana naona tatizo lako liko zaidi kwenye kalenda. Gawio la awali hulipwa mwishoni mwa Machi, la mwisho mwishoni mwa Agosti. Wewe wa Malindi unajua Machi inapoisha ni nini: wageni wameondoka, masika yako mlangoni, mahoteli mengine yanafunga hadi Juni au Julai. Shilingi 2,090 zikiingia wakati huo kwenye simu ile ile unayolipia unga na stima, zitaliwa, na sioni ubaya wake. Sitakuambia ulale njaa ili ununue hisa. Ila Agosti duka lina watu. Hapo zile 2,470 usiziguse, na uongeze 2,000 hivi kutoka mauzo ya msimu kufidia zilizoliwa Machi. Utanunua mara moja kwa mwaka, na umelingana na yule anayerudisha yote. Ukirudisha la Agosti peke yake bila nyongeza, kwa hesabu ile ile ya miaka kumi utafika karibu hisa 5,400.

Kununua mara moja kuna faida nyingine. Muulize dalali wako kama ana ada ya chini kabisa kwa kila agizo. Akikutoza shilingi 100 kwa agizo la 1,000, asilimia 10 imekwenda kabla hujaanza. Idadi ya hisa isikusumbue: tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja katika soko la kawaida, si lazima zitimie 100 kama zamani.

Pia omba gawio lihamishwe kutoka M-Pesa liende kwenye akaunti ya benki usiyoitumia kila siku. Fomu utaipata kwa dalali au kwa msajili wa hisa wa kampuni. Mimi naona hatua hii ina nguvu kuliko hesabu zote za hapo juu.

Je, pesa zirudi Safaricom tu? Mpango wa shemeji yako hauulizi. Unanunua kampuni ile ile daima, iwe nzuri au inazama. Mumias Sugar iliwahi kuwagawia wenye hisa faida, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Aliyekuwa akirudisha kila gawio huko alizidi kujifunga. Ningekushauri mwaka huu ununue kampuni nyingine yenye historia ya kugawa, mwakani urudi Safaricom. Ukiwaza benki, suala la riba muulize sheikh wako. Mimi ni mtu wa hesabu tu. Na shemeji akikuvuta kwenye hisa za Marekani, ujue Kenya haina mkataba wa kodi nao: kule hukatwa asilimia 30 ya gawio.

Utakapoagiza, usiseme "ninunulie kwa bei yoyote". Taja bei ya juu kabisa unayokubali, agizo likae siku kadhaa. Daftari la gawio la mwisho, yaani orodha ya watakaolipwa, hufungwa karibu na mwisho wa Julai. Hisa utakazonunua Agosti hazitaingia kwenye gawio hilo, kwa hiyo pesa zikiingia huna haja ya kukimbizana na mtu.