Wasomaji Wanauliza: Mkate wa Jana, Kopo la Nyanya na Wali wa Usiku

SWALI: Ndugu mhariri, katika kubana matumizi nimezoea kuweka mkate kwenye friji usiharibike. Ajabu ni kwamba kesho yake unakuwa mgumu kuliko ulioachwa mezani, na mfuko nimeufunga vizuri kabisa. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye friji yenyewe. Wengi huamini mkate hukauka kwa sababu maji yake yamepotea hewani. Hewa huchangia, lakini kazi kubwa hufanyika ndani ya wanga. Mkate ukiwa kwenye oveni, chembe za wanga hunyonya maji, huvimba na kulainika. Ukishapoa, wanga uleule huanza kujipanga upya na kukaza. Mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate hukaza hata ukizuiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto hulainika tena. Sasa, kukaza huko huenda kasi zaidi kwenye baridi iliyo juu kidogo tu ya kiwango cha kuganda, na hapo ndipo friji ilipo. Ni kweli friji huchelewesha ukungu, lakini ulaini wa mkate ndio gharama yake.

Mkate utakaoliwa ndani ya siku mbili uache nje, umefungwa, mbali na jiko na jua. Unaozidi hapo uweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, ambako wanga hukaza polepole mno. Ukate slesi kwanza. Mkate mzima ukishaganda haukatiki, na ukiuyeyusha wote utalazimika kuula wote. Slesi zitoke friza moja kwa moja hadi kwenye tosta au kikaango. Usigandishe mkate ukiwa bado una joto, kwani mvuke wake hugeuka barafu ndani ya mfuko na siku ya kuyeyusha utatoa mkate uliolowa.

Je, umeshakuwa mgumu? Kama ni mzima, unyunyizie maji kidogo juu na chini, kisha uweke kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 6 hadi 8. Asiye na oveni apange slesi kwenye kikaango kizito, adondoshe matone ya maji pembeni, afunike na kuacha moto mdogo kwa dakika 2. Wanga hulegea joto likifika kama nyuzi 60 ndani ya mkate, ndiyo maana kuupasha juu juu hakusaidii. Ule papo hapo, maana ukipoa mara ya pili hukaza haraka kuliko mwanzo.

Kuna chakula kimoja ambacho mkate mkavu unakifaa kuliko mpya, nacho ni cha zamani sana: Warumi wa kale walichovya vipande vya mkate kwenye maziwa, wakavikaanga na kuvimiminia asali. Leo tunaongeza yai. Kwa slesi 4 nene piga mayai 2 na mililita 150 za maziwa na chumvi kidogo, loweka kila upande sekunde 30, kisha kaanga kwa moto wa wastani. Mkate mpya ukichovywa hivyo hulegea na kukatika mkononi, ilhali mkavu hunywa maziwa na kubaki na umbo lake. Moto ukiwa mkali, nje itaungua na katikati itabaki ute wa yai bichi.

Ukiona doa la ukungu, tupa mkate wote. Kukata sehemu iliyooza hakutoshi kwa chakula laini kama hiki, kwani nyuzi za kuvu zimeshapenya mbali kuliko jicho linavyoona.

SWALI: Natumia vijiko viwili tu vya nyanya ya kopo kwa pishi moja. Je, ni salama kuacha iliyobaki humo humo kwenye kopo?

JIBU: Ihamishe. Kopo likiwa limefungwa halina hewa, na hiyo ni sehemu ya siri yake. Likifunguliwa, hewa na uchachu wa nyanya hushirikiana kuila bati ya ndani, hasa kama kopo halina rangi ya kinga, na chakula huanza kuonja chuma. Weka kwenye chombo cha kioo chenye mfuniko, friji, uitumie ndani ya siku 3 au 4. Njia bora zaidi ni kuteka kijiko kikubwa kimoja kimoja, kuvipanga kwenye sahani iliyotandikwa karatasi ya kuokea, kugandisha, halafu kuvikusanya kwenye mfuko. Unatoa viwili, vingine havijaguswa. Kopo lililovimba usilifungue wala kulionja; ndani yake huenda mna bakteria wanaotengeneza gesi, na miongoni mwao wamo wenye sumu ya kuua.

Na kwa kuwa umetaja makopo: Nicolas Appert alipata zawadi ya faranga 12,000 kutoka serikali ya Ufaransa mwaka 1810 kwa kuhifadhi chakula ndani ya chupa, na mwaka huohuo Peter Durand akapewa hataza ya kutumia bati huko Uingereza. Kifungulio cha maana kilichelewa hadi miaka ya 1850. Kwa muda wote huo watu walifungua makopo kwa nyundo na patasi! Bati la wakati ule lilikuwa nene, na lilipoanza kufanywa jembamba ndipo kifungulio cha mkono kikawezekana.

SWALI: Wali uliobaki usiku ukichemshwa sana asubuhi si unakuwa salama?

JIBU: Si lazima. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemka. Wali ukilala sufuriani kwenye joto la chumba, huamka, huzaana na kuacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauivunji. Utandaze kwenye chombo kipana, kina kisizidi sentimita 5, upoe haraka, na uingie friji ndani ya saa moja. Ule kesho yake, uupashe mara moja tu hadi utoe mvuke mpaka katikati. Uliolala nje usiku kucha umwage, hata kama haunuki.