Pima godoro kwanza, kitanda baadaye

Binti yangu alikuwa na miaka miwili na nusu tulipomhamisha kutoka kitandani kwetu, maana mdogo wake alikuwa njiani. Nilikwenda kwa mafundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, nikaagiza kitanda cha mninga, futi 3 kwa 6, kichwa kimechongwa maua. Godoro nikanunua siku nyingine, duka jingine: futi 2.5 kwa 6, yale ya wanafunzi wa bweni, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu.

Usiku wa tatu alilia kilio ambacho mpaka leo nakisikia. Alikuwa amebingirika, mguu ukazama hadi pajani kwenye mwanya wa inchi 6 kati ya godoro na ubavu wa kitanda, ukanasa kwenye chaga. Alitoka na mchubuko tu. Ila pale palipopita mguu, kichwa nacho kingepita, na wazo hilo lilininyima usingizi wiki nzima.

Ndiyo maana nakusihi mzazi mwenzangu: nunua godoro kwanza, kisha mpelekee fundi vipimo vyake. Pima mwenyewe kwa tepu, usitegemee maandishi ya kwenye lebo. Likishatandikwa, mwanya kati yake na ubao usizidi vidole viwili.

Dukani walitaka kunishawishi nichukue la inchi 10, eti atalilalia mpaka sekondari. Mtoto wa kilo 12 hahitaji unene huo, inchi 5 au 6 zinamtosha sana. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii: kila inchi ya godoro inakula kimo cha ubao wa kumzuia asianguke. Ubao wangu ulikuwa na inchi 8 kutoka kwenye chaga. Ningeweka godoro la inchi 10, mtoto angelala juu zaidi ya ukingo wa ubao wenyewe.

Kinachofaa ni ugumu. Kandamiza kwa kiganja, achia, uone kama linarudi papo hapo. Ukikuta mawili yenye vipimo sawa, yanyanyue yote: lililo zito ndilo lenye sponji iliyoshiba. Jepesi litabonyea katikati kabla ya mwaka. Lililotumika mimi silichukui hata kwa bure, kwa ajili ya kunguni na shimo la mwili wa mtu mwingine. Kitanda kilichotumika ni sawa, ukikikagua maungio na kukianika juani.

Na ile nailoni ya kiwandani itoe siku hiyo hiyo. Najua tunaiacha ili mkojo usipenye, lakini ikichanika, kipande kinaweza kumfunika mtoto pua na mdomo. Nunua kava lisilopitisha maji, lenye zipu, linalozunguka godoro zima.

Nilimrudia fundi. Alipunguza upana wa kitanda, akakata matendegu mpaka godoro likafika usawa wa magoti ya binti yangu, akaongeza chaga, maana za awali zilikuwa mbali mbali na sponji ilikuwa inazama katikati yake. Safari hii nilisimama pale pale mpaka zote zikapigiliwa misumari. Mtoto hurukaruka kitandani, na chaga iliyowekwa tu bila kupigiliwa huchomoka. Kona zote akazipiga msasa. Vanishi ikanuka siku nne, nacho kikakaa barazani siku zote nne. Kama unawaza deka, yaani kitanda cha ghorofa, aliye chini ya miaka sita asilale juu.

Yule mdogo alipozaliwa, yeye alihitaji mengine: sehemu ngumu, bapa, bila mto wala blanketi zito, alazwe chali, mpaka atimize mwaka.

Chandarua cha binti yangu nacho nilikinunua upya. Cha zamani kilikuwa kidogo, akilala mkono unagusa wavu na mbu wanamuuma hapo hapo. Sasa nina kikubwa chenye dawa, nakichomeka chini ya godoro pande zote nne, naye amezoea kuniita kila usiku nije nimfungie "nyumba yake".