Ishara hii ni ya nyota au ni yetu wenyewe?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma fizikia mwaka wa pili na natamani sana kazi ya kutafuta viumbe wenye akili nje ya Dunia. Anga limejaa satelaiti, rada na simu. Darubini ya redio ikinasa ishara ya ajabu, mnajuaje kwamba imetoka kwenye nyota na si kwetu? Na mtu anawezaje kuifanya kazi hii miaka yote bila kupata kitu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maswali yako mawili yana jibu moja, maana kuchuja kelele zetu ndiyo kazi yenyewe. Muda wako mwingi utautumia kuthibitisha kwamba ulichokinasa ni cha binadamu.

Vitu vya asili angani, kama mawingu ya gesi na pulsari (mabaki ya nyota yanayozunguka na kutoa mapigo ya redio), hutoa mawimbi yaliyotapakaa kwenye masafa mapana. Masafa hapa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Mtambo wa kurushia mawimbi unaweza kubana nguvu zake ndani ya hezi chache tu, na hatujui kitu cha asili kinachofanya hivyo. Kwa hiyo tunayakata masafa vipande vyembamba, mamilioni kwa mamilioni, tukitafuta kipande kimoja kilichowaka peke yake. Tatizo ni kwamba satelaiti zetu nazo hubana vivyo hivyo.

Kichujio cha kwanza tunapewa na Dunia. Kwa kuwa inajizungusha, ishara ya nyota lazima ihame masafa kidogo kidogo. Piga hesabu mwenyewe: kwenye ikweta, mchapuko wa mzunguko huo ni takriban mita 0.034 kwa sekunde mraba. Gawanya kwa kasi ya mwanga, zidisha kwa megahezi 1420, unapata kama hezi 0.16 kila sekunde. Ndani ya dakika 5 ni karibu hezi 48. Hicho ni kiwango cha juu kwa upande wetu tu. Sayari ya huyo anayetuma nayo ina mwendo wake. Kwenye skrini masafa tunayapanga kwa upana na muda unashuka chini. Mtambo uliosimama ardhini huchora mstari ulionyooka kama kamba ya timazi. Sisi tunautafuta ulioinama.

Lakini satelaiti nayo inakwenda, na mstari wake huinama pia. Ndipo tunapogeuza darubini: dakika 5 kwenye nyota, dakika 5 pembeni, tunarudi, na hivyo hivyo mara tatu. Ishara ya nyota itaonekana, itapotea, itarudi. Ikibaki hata tukiwa tumegeuka, imeingilia ubavuni, maana antena husikia kidogo hata upande isioelekezwa.

Hapo napo usijiamini. Nilipokuwa mwanafunzi nilipata mstari uliopita vichujio vyote viwili, na siku tatu sikupata usingizi wa maana. Siku ya nne tukagundua kifaa kilichokuwa kikiwaka na kuzima kwa mpigo uliokaribiana na ratiba yetu ya kugeuza darubini. Mwaka 1997 timu ya Jill Tarter, mtafiti wa muda mrefu wa kazi hii, ikitumia darubini ya Green Bank huko Marekani, ilifuatilia kwa saa nyingi ishara iliyokuja na kupotea kama inavyotakiwa. Kilikuwa chombo cha SOHO kinacholichunguza Jua, kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Timu hiyo ilikuwa na darubini ya pili, mbali, kwa ajili ya uhakiki. Siku hiyo ilikuwa haifanyi kazi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni BLC1. Mwaka 2019 darubini ya Parkes, Australia, ilinasa ishara karibu na megahezi 982 ikiwa imeelekezwa Proxima Centauri, nyota iliyo jirani zaidi na Jua, na ishara hiyo ikaupita mtihani wa kugeuza darubini. Wachunguzi wakarudi kwenye data wakakuta ndugu zake: mistari yenye umbo lile lile kwenye masafa mengine, hata darubini ilipokuwa imeangalia kwingine. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba ni kelele yetu. Kwangu mimi hiyo ni kazi bora kuliko shangwe yoyote ya mapema.

Kichujio cha mwisho ni kujirudia. Ishara ya Agosti 15, 1977, iliyonaswa Ohio kwa sekunde 72, haijaonekana tena, kwa hiyo hatuwezi kuithibitisha wala kuifuta.

Kuhusu miaka, sitakuficha. Mpango wa NASA ulioanza Oktoba 1992 ulikatiwa fedha mwaka mmoja tu baadaye. Tarter na wenzake wakatafuta fedha za watu binafsi, na kati ya 1995 na 2004 wakapima nyota kama 800. Hawakupata kitu, lakini wakaacha kipimo: kwenye nyota zile, masafa yale, saa zile, hapakuwa na mtambo wenye nguvu kupita kiwango fulani ulioelekezwa kwetu. Nimeyatumia matokeo ya namna hiyo kazini kwangu mara nyingi, na nayaheshimu.

Jifunze takwimu, uchakataji wa mawimbi na kuandika programu, na uwe na utafiti wa pili, kwa mfano wa pulsari, unaotumia data zile zile. Wengi wetu tunaishi hivyo. Data za Breakthrough Listen, mradi wa kutafuta ishara kama hizi, ziko wazi kwa yeyote. Fungua faili moja, tafuta mstari ulioinama, kisha uhangaike mpaka ujue ni satelaiti ipi.