Dokumentari za ndege: ipi ina ushahidi, ipi ni kelele?

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu ana miaka 15, na kila bando ninaloweka linaishia kwenye video za ndege: za kivita, za abiria, ajali, zote anazitazama. Nami nimeanza kunogewa. Shida ni kwamba nyingi zina kelele nyingi na picha za kompyuta, na ukimaliza kutazama hujaambulia kitu. Tutazipataje zenye maana? Na ile filamu ya ndege na sangara wa hapa kwetu, tuiamini?
Baba wa mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mfikishie kijana salamu zangu. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu, na karakana ilinijengea tabia moja ambayo siiachi hata nikiwa mbele ya televisheni. Mtu akiniambia kitu kimeharibika, namuuliza amekionea wapi. Dokumentari nayo naiuliza vivyo hivyo: picha hii kaipiga nani, na lini? Huyu anayezungumza alikuwapo?

Jambo la kwanza ni mwaka. Chukua ndege ya Air France 447, Airbus A330 iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris na kuanguka Bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 na watu 228. Visanduku vyeusi vilikaa chini ya bahari, kina cha karibu mita 3,900, hadi vikapatikana mwaka 2011. Ripoti ya mwisho ya wachunguzi wa Ufaransa, BEA, ilitoka Julai 2012. Lakini zipo dokumentari zilizotengenezwa 2010 na mwanzoni mwa 2011. Waliozitengeneza walikuwa na ujumbe 24 tu uliotumwa na mitambo ya ndege yenyewe, pamoja na picha za hali ya hewa. Walijitahidi kwelikweli, hata wakaitilia shaka mirija ya kupimia mwendo kwamba iliziba kwa barafu, na hapo hawakukosea. Ila hawakuweza kujua kilichofanyika katika chumba cha marubani: kwamba baada ya otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege badala ya rubani, kujizima, pua ya ndege iliinuliwa mno, mabawa yakapoteza nguvu ya kubeba, na ndege ikaporomoka hadi majini wakati injini bado zinafanya kazi. Kwa hiyo kijana akitaka kuijua ajali hiyo, atafute iliyotengenezwa baada ya Julai 2012.

Kwa sababu hiyohiyo, itazameni Downfall ya Rory Kennedy kwa macho mawili. Inahusu Boeing 737 MAX: ile ya Lion Air iliyoua watu 189 Indonesia mwaka 2018, na ile ya Ethiopian iliyoondoka Addis Ababa kuja Nairobi tarehe 10 Machi 2019 ikafa na watu wake wote 157, Wakenya wengi wakiwemo. Naipenda kwa sababu inaweka mezani nyaraka za ndani ya kampuni, na ndugu wa marehemu wanapewa nafasi ya kusema. Lakini ilitoka mapema 2022, na ripoti ya mwisho ya Ethiopia ikatoka Desemba mwaka huohuo. Wachunguzi wa Marekani, NTSB, na wale wa Ufaransa nao wakatoa maoni yao hadharani, wakisema ripoti haikuchambua vya kutosha hatua za marubani. Mkimaliza filamu, someni pande zote. Ni bure, na kijana wa miaka 15 anayejua Kiingereza cha shule ataelewa zaidi ya unavyodhani.

Upande wa vita mtego ni mwingine: picha za kuazima. Unaona ndege ya aina moja inaruka, dakika mbili baadaye inayoanguka ni ya aina nyingine kabisa, na msimulizi haoni aibu. Mwambie kijana ahesabu injini na atazame mkia, atawakamata wengi. Ukitaka picha za kweli, anzeni na The Memphis Belle ya mwaka 1944. Mwongozaji wake, William Wyler, alipanda mwenyewe kwenye ndege za mabomu za B-17 zilizokuwa zikitoka Uingereza kwenda kupiga Ujerumani, na mpiga picha wake mmoja, Harold Tannenbaum, alikufa ndege aliyokuwamo ilipotunguliwa. Hata hivyo, sauti mnazosikia humo ziliongezwa baadaye Hollywood, kwa kuwa kamera zao ndogo hazikurekodi sauti. Na misheni ya mwisho inayosimuliwa imeunganishwa kutoka safari nyingi. Halafu tafuteni The Cold Blue ya 2018. Erik Nelson alizirudia picha za Wyler zilizobaki kwenye hifadhi ya taifa ya Marekani, akazisafisha, na wanaozungumza ni wazee waliokuwa ndani ya ndege zile. Hakuna profesa wala msimulizi wa kukuza mambo. Mzee anakuambia baridi ilikuwaje, basi.

Kuzipata si kazi. Mwache kijana aandike aina ya ndege au namba ya safari, mwaka, kisha jina la hifadhi au la wachunguzi. Maneno kama “siri iliyofichwa” ayaache. British Pathé, hifadhi ya Uingereza ya filamu za habari za zamani, waliweka filamu zao 85,000 YouTube mwaka 2014, na nyingi ni za dakika chache, hazimalizi bando. Video isiyotaja chanzo cha picha muiruke, kwa sababu nyingine ni michezo ya kompyuta iliyobandikwa jina la ajali halisi.

Kama moyo wake uko kwenye ufundi, mtafutie 21st Century Jet ya Karl Sabbagh, mfululizo wa miaka ya 1990 kuhusu kujengwa kwa Boeing 777. Kamera ziliingia kwenye vikao, zikaona watu wakibishana na ratiba zikiyumba. Na kuna lile jaribio la bawa. Wanalivuta juu taratibu, linapinda zaidi ya mita saba, huku mtu akisoma asilimia ya mzigo. Sharti ni kuhimili asilimia 150 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Linavunjika kwenye 154, na watu wazima wanashangilia kama wamefunga bao. Hakuna darasa la ufundi nililokaa lililonieleza bawa vizuri kuliko hapo.

Sasa ile ya sangara, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004. Ilyushin za mizigo mnazoziona zikitua Mwanza ni za kweli, na minofu inayopakiwa ni ya kweli. Dai zito ni kwamba ndege hizo huja na silaha, na ndilo lililomfanya Rais Kikwete aikemee hadharani mwaka 2006. Iulize swali langu la karakana. Rubani mmoja anasimulia mwenyewe alivyobeba zana za vita kwenda Angola, na huo ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo, ila ni wa Angola. Sanduku la silaha likishushwa Mwanza halionyeshwi. Kwa hiyo, kuhusu maisha ya marubani wale mimi naiamini. Kuhusu silaha kushushwa Mwanza, filamu inadokeza bila kuthibitisha. Ina mambo mazito ya watoto wa mitaani na wanawake, kwa hiyo itazame wewe kwanza, halafu ukae naye mkiitazama pamoja, maana maswali atakayouliza hayatahusu ndege peke yake.