Vyombo vya jikoni na safari ya ndege: maswali yenu

Shikamoo. Niko Columbus, Ohio, narudi Mombasa likizo. Mama ameniagiza jiko la umeme la kupikia wali. Nilifunge vipi lisivunjike?

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kulifunga, ligeuze usome kibandiko cha chini. Ukikuta pameandikwa 120V 60Hz tu, liache huko huko. Umeme wa Kenya ni volti 240, na chombo cha kupasha moto cha volti 120 kikichomekwa hapo huvuta nguvu mara nne: jiko la wati 500 linalazimishwa kuwa la wati 2000. Maji hayajachemka, nyumba nzima inanuka waya. Adapta haikusaidii kitu, hiyo hubadilisha pini tu. Transfoma za kushusha volti na kuhimili wati hizo zipo, ila huwa nzito kuliko jiko lenyewe, na kilo zako 23 hujazifikiria. Mnunulie Mombasa hapo hapo, lenye plagi ya pini tatu, likiharibika arudi nalo dukani. Mama akinuna, mpelekee sufuria nzuri. Sufuria haiulizi volti.

Nami niko Maskati, napeleka blenda Dar. Hiyo je?

Wewe huna tabu. Oman ni volti 240, Tanzania 230, na hata plagi ya pini tatu ni ile ile. Iweke kwenye begi kubwa. Kisu kifungue, kizungushie kadibodi, kisha taulo, maana mkaguzi akifungua begi asijikate vidole. Jagi lijaze nguo ndogo ndogo hadi mdomoni, kioo kikae kimeshiba, halafu livingirishe kanga. Mota ndiyo uzito wote: iweke upande wa magurudumu, ili begi likisimama isilalie jagi. Boksi la dukani linakula nafasi bure. Lakini najua watu wa nyumbani wanapenda kuliona, basi likunje bapa ulitandike chini kabisa.

Jiko dogo la gesi na mtungi wake?

Mtungi hapana, si mkononi wala kwenye begi kubwa. Jiko jipya bila mtungi kwa kawaida linapita. Lililokwisha kutumika na bado linanuka gesi, usijisumbue nalo.

Nahamia London kutoka Nairobi na siwezi kuishi bila mbuzi ya kukunia nazi. Nitaruhusiwa?

Begi kubwa, na ule ulimi wa chuma uufunge kwa kitambaa kinene na utepe wa gundi. Isugue kwanza, machicha yasibaki kwenye meno. Ukienda nayo mkononi itabaki kwa wakaguzi, na wao hawajui hata kuikalia.

Blenda ndogo ya kuchaji, ya uji wa mtoto, inakaa begi gani?

Hii ndiyo ngumu, kwa sababu betri ya lithiamu inaitaka mkononi na kisu kinaitaka chini. Kisu kikifunguka, vitenganishe: kisu begi kubwa, mwili wenye betri mkononi. Kisipofunguka, izime kabisa, hakikisha swichi haiwezi kubonyezwa na nguo, uiweke begi kubwa. Ila uliza kwanza shirika lako la ndege, maana wengine hawakubali. Pawa benki haina mjadala: ni mkononi tu. Ya mAh 20,000 ni kama saa-wati 74 (kwenye kibandiko ni Wh, kipimo cha nishati ya betri), na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni 100.